Fundi Anajibu: Pikapu ya marehemu baba na taa ya T-BELT

SWALI

Shikamoo baba fundi. Mimi ni binti niko Chanika, nafuga kuku na nauza mayai. Baba yetu alifariki akatuachia Hilux singo kebini ya dizeli ya mwaka 1994, kwenye injini imeandikwa 3L. Kikao cha ukoo kilikaa, mirathi ikaenda mahakamani, mwisho wa yote nikapewa mimi kwa sababu kaka zangu wana magari yao. Sasa tangu msiba gari imekaa chini ya mwembe miezi kumi na nne haijaguswa, kuku wanalala kwenye bodi. Juzi tukaazima betri kwa jirani ikawaka, baba fundi nililia, mlio ule ule wa akirudi jioni. Ila ilitoa moshi mweupe mpaka jirani akaja kuuliza tunachoma nini, ukaisha baada ya kama dakika tano hivi. Breki ukikanyaga inazama kwanza ndo inashika. Mita inasoma 401,260. Na kuna taa inawaka pale kwenye mita imeandikwa T-BELT, kaka yangu mkubwa kasema ni ya mkanda wa kiti haina neno. Fundi wa kwanza kaja kasema injini imechoka niitoe niweke ya petroli, wa pili kasema nifanye ovahoo kwanza, yaani injini ifunguliwe yote itengenezwe upya, ndo niitembeze. Nina laki nane tu. Nataka ya kubebea chakula cha kuku toka Buguruni na kushusha mayai mjini. Kwenye dashibodi pale mbele ya abiria nimekuta daftari la baba, marisiti, na boksi lina mpira mpya mweusi wenye meno meno. Nianzie wapi, au niiuze tu kama kaka zangu wanavyotaka?

Binti wa Chanika

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Kaka yako mkubwa msalimie sana afu umwambie hiyo taa sio ya mkanda wa kiti. Na kuanzia dakika hii unayosoma hapa usiiwashe tena hiyo gari, hata mkitaka kuitoa chini ya mwembe isukumeni.

Nakueleza. Injini ya 3L, hiyo ya cc 2779, ina mkanda wa mpira mbele ndani ya kava, sisi tunauita taiming belti. Huo ndo unaounganisha krenki huku chini na kemu shafti kule juu inayofungua vavu, pamoja na pampu ya dizeli, vyote vizunguke kwa mpangilio mmoja. Mpira ni mpira, unazeeka, kwa hiyo Toyota wakaweka taa kwenye mita, kila gari ikitimiza kilomita 100,000 inawaka kukumbusha mkanda ubadilishwe. Sasa piga hesabu mwenyewe, mita yako inasoma 401,260, maana yake taa iliwaka ilipofika 400,000 na mzee akatembea nayo hizo 1,260 za mwisho. Na ule mpira wenye meno uliokuta kwenye boksi ndo wenyewe, taiming belti. Mzee aliiona taa, akaenda dukani akanunua, akaweka kwenye dashibodi asubiri siku ya kwenda gereji, siku yenyewe haikufika. Kwa hiyo usimsikilize mtu anayekwambia baba yako aliitelekeza gari, kazi aliiacha katikati.

Ubaya wa huo mkanda haubishi hodi. Breki zikichoka zinapiga kelele, beringi inalia, rejeta inavuja unaona maji chini, huu unakatika tu ukiwa unatembea. Ukikatika kemu inasimama vavu zingine zikiwa zimeshuka, pistoni bado zinapanda kwa kasi ya gari, zinakutana. Vavu zinapinda, na hapo hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini chenye vavu, lazima ishuke, na laki nane yako haifiki hata robo ya safari. Ndo maana nakwambia isukumeni.

Sasa ule mkanda wa baba ufungwe au vipi? Ntakwambia ukweli ingawa najua moyo wako unataka upi. Umekaa ndani ya dashibodi, gari imefungwa vioo, jua la Dar, zaidi ya mwaka. Labda bado mzima. Lakini kazi ya kuufikia ni kubwa kuliko bei yake, na mimi sifungi mkanda wa labda. Chukua boksi lake nenda nalo Gerezani au Kariakoo kama sampuli, namba iliyopo pale ndo unayoitaka, linganisha na upana na idadi ya meno kabla hujatoa hela. Nunua mpya, ule wa baba ubaki kwenye dashibodi pale pale alipouweka, wa akiba. Pamoja na mkanda chukua beringi yake ya kukazia na ile ya kuzungukia, na sili ya krenki na ya kemu za mbele, maana oili ikivuja ikadondokea mkanda mpya inaulainisha unakufa kabla ya siku zake. Wota pampu ya 3L, ile ya kuzungusha maji ya rejeta, haizungushwi na mkanda huu, inazungushwa na mikanda ya nje ile ya feni, kwa hiyo kama haivuji na haina mchezo iache, asikuambie mtu ni lazima zibadilishwe pamoja.

Siku ya kufunga simama pale pale, usiende kula chipsi. Kuna alama tatu lazima zikae sawa, ya krenki, ya kemu na ya pampu ya dizeli. Mwambie fundi akishafunga aizungushe injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, afu aangalie alama tena. Ikigoma mahali asilazimishe. Akikwambia mi nimefunga hizi nyingi haina haja ya kuzungusha, mshukuru mlipe nauli aende. Mkanda ukishafungwa ndo taa izimwe, kuna Hilux zingine unahamisha skrubu nyuma ya mita na zingine kuna kitundu unabonyeza, na uandike kwa pen ya rangi juu ya kava la mkanda kilomita na tarehe. Ukinunua gari ya mtu siku yoyote mbele kumbuka hili, taa inaweza kuzimwa na skrubu bila mkanda kuguswa.

Haya, nimekimbilia mkanda kwa sababu ya ile hatari ila kuna kitu kinatangulia hata huo mkanda, nacho hakina gharama. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga chesisi yote hasa pale springi za nyuma zinaposhikia na juu ya ekseli, sauti iwe ya chuma kizima, ngri ngri, ukisikia pu na unga mwekundu unadondoka hapo tusimame tuongee upya kabla hujatoa hata mia. Na kuku watoke kwenye bodi leo. Kinyesi cha kuku kikilowa kinakula rangi na bati vibaya mno, osha bodi kwa maji mengi na sabuni mpaka kwenye kona na mikunjo. Afu fungua boksi la filta ya hewa kwa mkono wako mwenyewe uone ndani, gari iliyokaa zaidi ya mwaka karibu na chakula cha kuku lazima panya waliifanya nyumba, na wana tabia ya kula waya. Nimeshakuta kiota na vitoto ndani ya filta, na mwenye gari alikuwa analalamika haina nguvu ya kupanda mlima.

Mafundi wako wawili. Wa kwanza wa petroli sijui niseme nini. Unatoa injini ya dizeli inayojulikana kila kona ya Tanzania, spea zake zipo mpaka vijijini, unaweka ya petroli unabadilisha na tenki na waya na kadi ya gari, maana namba ya injini imeandikwa kwenye kadi na ukibadilisha injini lazima TRA wajue, yote hiyo kwa gari ambayo imewaka kwa betri ya kuazima baada ya miezi kumi na nne? Injini iliyochoka haiwaki hivyo. Wa pili wa ovahoo kidogo ana afadhali ila kasema bila kupima. Injini inapimwa kompreshen, yaani nguvu ya kubana hewa, silinda zote nne zikaribiane, na ikiwa inaunguruma ukafungua mfuniko wa kuwekea oili usione moshi unatoka kwa pumzi kama treni. Kipimo kikishasema imechoka ndo tunaongea ovahoo, sio jicho la fundi na haraka zake.

Ule moshi mweupe wa dakika tano ni dizeli isiyoungua. Injini kama ya 3L inaunguza dizeli kwenye kichumba kidogo pembeni, kikiwa cha baridi inahitaji hita plagi zikipashe kabla ya kuwasha, hata kwa joto letu la Dar asubuhi. Hita plagi moja au mbili zikifa, silinda hizo zinatema moshi mweupe mpaka zipate joto zenyewe, ndo hizo dakika tano zako. Zinapimwa kwa mita ya umeme moja moja na fundi umeme yeyote. Ukinunua mpya ziwe za volti ile ile ya zilizotoka, zipo za volti tofauti kwa injini hizi na ukichanganya zinaungua siku hiyo hiyo. Cha kuogopa ni moshi mweupe ambao hauishi injini ikipata moto, na maji kwenye rejeta yanapungua bila kuvuja mahali, hapo ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe imepasuka, na hedi za injini hizi zikichemshwa mara moja vizuri zinapasuka kati ya vavu na vavu. Kwa maelezo yako sioni hilo lakini angalia.

Na hapo tunaingia kwenye maji. Hedi zinakufa kwa sababu watu wanajaza rejeta maji ya bomba, wengine ya kisima cha chumvi, miaka ishirini. Fungua rejeta injini ikiwa ya baridi, chota kwa kidole, yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, jaza kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Cheki mfuniko wa rejeta una mpira mzima, cheki mipira ya juu na chini ukiibonyeza haina mipasuko. Kama fundi wa zamani alishatoa thamostati, kile kivavu kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, na nusu ya magari ya mjini humu zimetolewa "kwa sababu ya joto", nunua urudishe. Bila thamostati injini inachelewa kupata joto lake, inakula dizeli, na rejeta ikianza kuziba hutajua mpaka siku ya foleni ya Buguruni saa tisa mchana.

Breki sasa, na hapa naomba unisikilize kama baba. Wewe unatoka Chanika unapita Pugu, kuna mteremko pale, nyuma una magunia ya chakula cha kuku, mbele kuna bodaboda na watoto wa shule. Pedeli inayozama afu inashika inaweza kuwa kitu kidogo, dramu za nyuma hazijakazwa, viatu vimekwisha vinatembea safari ndefu kabla ya kugusa. Au mafuta ya breki yamezeeka. Mafuta ya breki yanavuta unyevunyevu wa hewani, Dar unajua hewa yetu, yakishanyonya maji yanachemka mapema, ukishuka mlima na breki zimepata moto unakanyaga hewa. Kitaalamu yanabadilishwa kila baada ya miaka miwili na sijui gari ngapi hapa mjini zimewahi kubadilishiwa. Yakiwa meusi yatoeni yote, mitungi ya magurudumu yote manne, muweke mapya ya kopo lililofungwa, sio la nusu lililokaa wazi shelfu ya gereji. Mipira ya breki ile mitatu minne inayopinda na gurudumu, kama ina mipasuko au imevimba nunua mpya bila mjadala. Toa dramu za nyuma uone, gari iliyopaki muda mrefu na hendibreki ikiwa juu viatu vinaganda kwenye dramu, na wili silinda zinaanza kuvuja ndani kwa ndani kimya kimya.

Kuna jambo moja la 3L watu wengi hawalijui mpaka lisumbue. Gari ya dizeli haina upepo wa kunyonya wa kusaidia breki kama petroli, kwa hiyo kwenye 3L kuna kipampu kidogo nyuma ya alteneta ndo kinachovuta. Siku pedeli ikiwa ngumu kama jiwe usianze kulaumu breki, angalia kipampu hicho na mpira wake. Na siku alteneta ikifa usiuziwe ya mtumba isiyo na hicho kipampu eti zinafanana, kuchaji itachaji, breki hutakuwa nazo.

Dizeli ya miezi kumi na nne. Tenki lililokaa nusu linatengeneza maji ndani, maji yanakaa chini na dizeli juu. Toa tapu ya chini ya tenki, acha imwagike kwenye ndoo mpaka uone dizeli safi, badilisha filta ya dizeli na fungua kile kitapu cha chini ya filta kinachokusanya maji. Juu ya filta kuna kipampu cha mkono, pampu nacho mpaka kiwe kigumu kabla ya kuwasha. Pampu ya dizeli na nozo zinazopulizia dizeli kwenye silinda ndo vitu vya gharama kwenye gari hii, na maji ndo adui yake, kwa hiyo kitapu kile kifungue kila unapofanya servisi, ni dakika mbili.

Oili badilisha na filta yake sasa hivi, 15W-40 ya dizeli, inaingia karibu lita sita ila ongozwa na kijiti sio na mdomo wa fundi. Nunua duka unalolijua, oili iliyotumika kuchujwa kurudishwa kwenye galoni haijaanza leo. Tembea nayo kama kilomita elfu moja umwage tena, hii ya kwanza kazi yake ni kuosha, afu ndo uende kila elfu tano. Ikiwa nyeusi baada ya siku moja usiogope, dizeli ndo zilivyo. Giaboksi na difu mbili kama ni 4WD wafungue waangalie kiwango, ikitoka nyeupe kama maziwa maji yaliingia. Grisi kwenye nipo, vile vichuchu vya kupigia grisi, za propela na sehemu zote zenye nipo. Kilachi ikiwa imeganda itaachia, nyingi zinaachia.

Matairi, hapo watu wanaangalia ndole tu, yale meno yanayogusa barabara. Soma ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo wiki mbili za mwisho mwaka, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la miaka kumi hata kama lina ndole za kutosha na limekaa kwenye kivuli cha mwembe usipande nalo mzigo. Anza hata na mawili ya nyuma.

Laki nane. Kwa mahesabu yangu inatosha mkanda na vikorokoro vyake, breki, oili na filta zote, na kulanti, ukienda mwenyewe kununua spea na ukiuliza bei maduka matatu. Matairi yatasubiri mayai ya mwezi ujao na mpaka hapo gari isibebe mzigo mzito. Rangi, redio, vitambaa vya siti, rimu, hapana, atakayekuletea hizo habari mwambie baba fundi kakataa.

Na lile daftari, mwanangu, lisome lote kabla ya kuita fundi wa tatu. Wazee wa enzi ile wanaandika, tarehe, kilomita, oili lita ngapi, springi imekatika Mkuranga. Kuna jina la fundi litakuwa linajirudia rudia humo na namba yake ya simu. Mtafute huyo. Anaijua gari hiyo kuliko mimi na kuliko wale wawili wako wote, na nadhani msiba wa mteja wake wa miaka yote alisikia, hajui tu aje kwa nani.

Kuuza? Gonga kwanza chesisi. Ikiwa nzima kaka zako hawana hoja, ila wakitaka kuchangia matairi wakaribishwe.

SWALI

Mambo vipi fundi. Mimi niko Mbagala, marehemu mjomba aliniachia pikapu, natembelea mwaka sasa ila kadi bado ina jina lake. Trafiki mmoja kanisimamisha Kilwa Road kaniambia nadaiwa rodi laisensi ya miaka yote, ni kweli? Na hilo la jina lina shida gani maana familia yote inajua mjomba alinipa mimi.

Mpwa, Mbagala

JIBU

Poa mdogo wangu. Leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa na serikali kwenye bajeti ya 2017/18, tozo ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo kila ukijaza wese unalipa. Unachoweza kudaiwa ni faini za makosa ya barabarani, hizo zinafuata namba ya gari sio sura yako, iangalie namba yako kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kabla hujaangaliziwa barabarani. Bima nayo ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kuna watu wanatembea na stika tu.

Jina ndo shida yenyewe. Familia kujua haitoshi, gari ya marehemu ni mali ya mirathi mpaka msimamizi aliyeteuliwa na mahakama aigawe. Nendeni na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akipatikana ndo anasaini badala ya marehemu mnaenda TRA na kadi halisi kubadilisha umiliki. Usikubali yule anayekwambia tutengeneze mkataba wa mauziano tuandike tarehe ya mjomba akiwa hai, huo ni ugushi na siku ukitaka kuuza au ukipata ajali, utafukuliwa. Na ukipata ajali leo na bima ina jina la mtu aliyefariki, hayo mazungumzo na kampuni ya bima sikutakii.

SWALI

Mzee habari za leo. Babu aliacha Peugeot 504 pikapu ya petroli huku Kigamboni, imekaa miaka sita nyumbani karibu na bahari. Nimetuma picha. Injini nikijaribu kuzungusha kwa mkono imegoma. Inafaa kuifufua? Wengine wananiambia hata ikiwaka itaharibika kwa sababu hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi.

Mjukuu wa Kigamboni

JIBU

Nzuri kijana wangu. Hizo 504 ziliwahi kuunganishwa hapo Kenya na pia Nigeria, ndo maana babu zetu wengi waliziendesha, na zilikuwa zinabeba mpaka unaona aibu kwa niaba yake. La risasi lisikutishe, nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia 2006 na babu yako aliendelea kuitembeza miaka mingi baada ya hapo. Hedi yake ni ya aluminiamu, viti vya vavu ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa.

Injini kugoma baada ya miaka sita mara nyingi ni ringi zimeganda kwenye silinda. Usiweke stata, utavunja kitu. Toa plagi zote nne, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kila tundu kama vijiko viwili vya chakula, acha siku tatu nne, ongeza, afu weka spana kwenye puli ya krenki ujaribu kuitikisa mbele na nyuma taratibu, taratibu nimesema. Ikiachia izungushe kwa mkono bila plagi mpaka mafuta yote yatoke ndo ufikirie betri. Petroli ya miaka sita imwage yote mbali na jiko, inanuka kama vanishi na imeshaziba vitundu vya kabureta, kabureta ishuke ioshwe, na mipira yote ya petroli itupwe hata kama inaonekana mizima maana ikikakamaa inapasuka na chini yake kuna ekzosi ya moto.

Ila mimi wasiwasi wangu na wewe sio injini kabisa, ni upepo wa bahari. Injini tunaweza kuipata au kuichonga, chumvi ikishakula sehemu zinazoshika ekseli ya nyuma hakuna fundi wa kuchomelea anayeweza kukurudishia chuma ambacho hakipo, atakuwekea bati juu ya kutu na rangi nyeusi juu ya bati, utaona inapendeza. Picha zako zote umepiga gari kwa mbele na babu pembeni, nzuri sana na Mungu amrehemu, lakini hazinisaidii. Inyanyue nyuma kwa jeki, weka magogo usiamini jeki peke yake, gonga na nyundo kama nilivyomwambia yule binti wa Chanika, pasugue kwa brashi ya waya, afu upige picha nne za chini mchana kweupe unitumie, nitakujibu toleo lijalo.